Kutoka Shilanga hadi Ikulu

Jumamosi, 7 Juni

Shule ilifungwa jana. Mwalimu Fausta, anayetufundisha Uraia, ametupa kazi mbili za likizo. Ya kwanza ni kuandika shajara, hata siku ambayo haina jambo. Ya pili ni kujiandaa kwa mdahalo wa Septemba, kwa sababu mwaka huu ni wa uchaguzi mkuu. Mada aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWENYEKITI WA KITONGOJI ANAWEZA KUWA RAIS WA NCHI. Mimi nimepangwa kuunga mkono. Brayson amepangwa kupinga.

Darasa zima la Kidato cha Tatu liligeuka kunitazama, maana wanajua baba yangu ni nani.

"Mheshimiwa Rais Boazi!" Brayson akapiga saluti. "Msafara wake una baiskeli moja, nayo haina breki!"

Nilicheka na wenzangu. Lakini njiani kurudi nyumbani niliendelea kuifikiria ile mada, na sikuona cha kuchekesha ndani yake.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani, kisha kufua. Baridi imeanza kung'ata.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimeandika barua tatu. Ya kwanza ya mama anayetaka kufungua akaunti, ya pili ya kijana anayefuatilia kitambulisho cha taifa, ya tatu ya mtu anayehamia Mbangala. Ofisi ya kitongoji cha Shilanga ni meza yetu ya chakula. Baba alichaguliwa Novemba, na tangu hapo watu huja asubuhi kabla hatujanywa chai. Yeye aliishia darasa la saba na huandika kama mtu anayepanda mahindi, herufi moja, hatua, herufi nyingine. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeandika. Yeye huisoma barua kwa kidole mpaka mwisho, huuliza neno asilolipenda, ndipo hugonga muhuri.

"Wewe unaandika, mimi nagonga," aliniambia siku ya kwanza. "Tusibadilishane."

Nilipomaliza ya tatu nikamuuliza kama angeweza kuwa Rais.

"Mwanangu, mimi hata mshahara sina."

"Katiba haisemi mshahara. Inasema uwe raia wa kuzaliwa, uwe umetimiza miaka arobaini, ujue kusoma na kuandika, na chama kikupendekeze."

Alihesabu kwa vidole. "Nina arobaini na nne. Kusoma, pole pole. Kwa hiyo nimekosa chama tu?" Akacheka mpaka Mama akachungulia kutoka jikoni. Kisha akasema, "Kuna watu mia tatu na kitu hapa Shilanga. Nikiweza kuwatunza hawa bila kumwonea mtu, nitakuwa nimefanya kazi kubwa. Andika hivyo kwenye mdahalo wako."

Nimeandika.

Ijumaa, 13 Juni

Tumeanza kuchuma kahawa. Bibi, mama yake Baba, anachuma akiwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya miguu. Jirani yetu Bibi Ruti alikuja kutusaidia, na kesho sisi tutaenda kwake. Ni mjane, mwanawe pekee Conjesta anauza vitenge Tunduma. Kahawa ya Bibi Ruti huzaa hata mwaka ambao ya wengine imekataa, kwa sababu hubeba samadi kichwani ndoo kwa ndoo tangu Machi, watu wengine wakiwa wamelala. Nilimweleza kuhusu mdahalo.

"Rais anachuma kahawa?" aliuliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi Boazi asiende. Nani atamsaidia mama yake?"

Jumatano, 18 Juni

Kahawa tu. Vidole vimekuwa vyeusi.

Jumatatu, 23 Juni

Mtoto wa Lwitiko, yule wa miaka mitatu, amefariki. Aliharisha siku mbili. Lwitiko anakaa chini ya kilima, karibu na kisima.

Alhamisi, 26 Juni

Mtoto wa pili wa Lwitiko amefariki leo asubuhi. Hata wiki moja haijaisha.

Baada ya mazishi Baba alipanda kando ya kijito akiwa peke yake mpaka kwenye mashine ya kumenya kahawa. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na utelezi wa kahawia na vilinuka kama pombe iliyoharibika. Alisema shimo la maji machafu ya mashine limejaa, maganda yanafurika, na maji yanaingia kijitoni juu kabisa ya kisima tunachochota sote. Alimfuata Mzee Hezron, mkuu wa kikundi cha kahawa, ambaye pia ni mkuu wa kamati ya mazishi. Nilikuwepo.

"Mzee, tusimamishe mashine siku nne tuchimbe shimo jingine," Baba alisema.

"Siku nne? Kahawa mbivu ikilala siku moja inachacha, Mwenyekiti. Wewe si mkulima?"

"Watoto wawili wamekufa."

"Maji hayo tumeyanywa miaka sita tangu mashine ije. Mbona hayakuua mwaka jana?" Mzee Hezron alishusha sauti. "Kuna mtu anakula watoto wa watu hapa, Boazi. Unamjua. Unaishi naye jirani."

Baba aliondoka bila kuaga. Jioni nilimwandikia barua ya kwenda kwa afisa afya. Aliisoma mara mbili, akagonga.

Jumapili, 29 Juni

Neno linalosemwa sasa kila mahali ni lambalamba. Kwa atakayesoma bila kujua: hao ni watu wanaozunguka vijiji kutafuta wachawi. Huja na kengele na vioo, huchimba vizingiti vya nyumba na kutoa pembe, na anayetolewa pembe hunyweshwa dawa. Lakini hawaji hivi hivi. Hutaka barua yenye muhuri wa serikali ya mahali, ili kesho wakiulizwa waseme walialikwa. Bila muhuri hawavuki kijito.

Afisa afya amejibu kwa simu. Atakuja gari likipatikana.

Jumatano, 2 Julai

Mzee Hezron alikuja na wazee wawili. Hakukaa. Alitaka barua.

"Si lazima uandike lambalamba," alisema. "Andika wataalamu wa usafi wa kijiji. Kila mahali wanaandika hivyo."

"Watamtoa nani?" Baba aliuliza.

"Watakayemwona."

"Na kama wote tunamjua kabla hawajaja?"

Mmoja wa wazee alicheka. Mzee Hezron hakucheka. "Tulikupa kura ili ututumikie, si utuhoji. Muhuri huo ni wetu."

"Ni wenu, na Bibi Ruti ni mmoja wenu," Baba akasema. "Sigongi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Walipoondoka alisema, "Baba Ferista, umefikiria mazishi?" Sikumwelewa. Baba alimwelewa, kwa sababu alikaa chini.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemwelewa Mama.

Mkutano ulifanyika uwanjani bila Baba kuuitisha. Walitutenga. Mzee Hezron alisoma masharti kutoka kichwani: hakuna kutusalimu, hakuna kupokea moto wala chumvi kutoka kwetu, kahawa yetu isiingie kwenye mashine, na msiba ukitukuta tuzikane wenyewe. Atakayevunja atatengwa naye. Vivyo hivyo kwa Bibi Ruti. Kisha wakanyoosha mikono. Nilihesabu mpaka nikaacha. Kulikuwa na mkono wa yule mama niliyemwandikia barua ya akaunti.

Baba alisimama akasema bado yeye ni Mwenyekiti na mlango wake uko wazi. Mtu mmoja nyuma akajibu, "Kaa nao uwazi huo!" na watu wakacheka. Ni watu wale wale waliombeba begani Novemba.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Huko hakuna aliyetutenga, shule ina watoto wa vijiji vingi. Nilitamani nisirudi nyumbani, kisha nikajionea aibu.

Ijumaa, 11 Julai

Tulichuma debe saba. Mashine ilitukataa. Tumeanika na maganda yake, itauzwa kama takataka.

Jumatano, 16 Julai

Nimesalimu watu tisa njiani. Wote walitazama upande.

Jumatatu, 21 Julai

Mwalimu Fausta aliniita kunisaidia na mdahalo. Nilimwambia ninaona aibu kuutetea wakati mwenyekiti wangu hata salamu hapati. Alisema, "Ferista, hoja haipimwi kwa makofi. Wewe tafuta kama ni ya kweli." Kisha akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akanipa ndizi mbili.

Brayson alituona. Nilingoja anicheke. Alisema tu, "Mimi nikikushinda nataka nikushinde kweli, siyo ukiwa na njaa." Ni mtu wa ajabu, lakini leo nimemwona vingine.

Jumapili, 27 Julai

Upepo wa vumbi siku ya tatu. Bibi anakohoa. Tunachota maji kijito kingine, saa nzima kwenda na kurudi, na tunachemsha. Bibi Ruti huja nasi. Tumekuwa kama kijiji cha watu watano.

Jumatano, 30 Julai

Bibi hali chakula. Baba alimpeleka zahanati kwa baiskeli, akisukuma. Wamempa vidonge, wakasema ni mapafu na uzee.

Jumamosi, 2 Agosti

Bibi amefariki leo saa nne asubuhi. Alikuwa ameniomba nimfunge kitambaa kichwani.

Jumapili, 3 Agosti

Ninaandika yote, hata nisiyotaka kuandika.

Huku kwetu mtu akifa, kabla hujaenda kuita, watu wameshafika. Vijana huja na majembe, akina mama na kuni, wazee hukaa na kuelekeza kaburi. Jana alasiri hakuja mtu. Leo asubuhi hakuja mtu. Mchungaji alipiga simu kwamba yuko safarini, na sisi tuliiona pikipiki yake uani kwake.

Baba alianza kuchimba jana, leo akaendelea. Ardhi ya Agosti ni ngumu kama tofali. Sururu ilipiga ikaruka. Mama alikuwa ndani na mwili, hakuweza kumwacha Bibi peke yake. Mimi nilitoa udongo kwa karai. Bibi Ruti alikuja bila kuitwa, akakaa ukingoni na kutoa udongo kwa mikono yake, akiimba polepole wimbo wa kanisani. Kila akifika kwenye jina la Yesu alikohoa. Saa saba shimo lilikuwa limefika kiunoni mwa Baba tu. Mikono yake ilitoa damu kwenye mpini. Aliifunga kwa matambara, akaendelea. Kisha nikamwona ameegemea ukuta wa shimo na uso wake ameuficha. Sijawahi kumwona Baba akilia. Na sikumwona akilia, niliona mgongo wake tu.

Barabarani, hatua mia kutoka kwetu, walikaa vijana kama kumi na wawili, majembe wameyalaza miguuni. Walikuwa wameketi tangu asubuhi. Mzee Hezron alikuwa nao.

Nilienda kuchota maji ya kunywa ya Baba, na njia inapita pale. Mzee Hezron aliniita.

"Mwanangu, pole. Bibi yako alikuwa rafiki ya mama yangu. Unafikiri napenda?"

Nilihamishia ndoo mkono wa pili.

"Wewe ndiye mwandishi. Karatasi moja tu. Hawa wote watashuka sasa hivi, na jua likizama kaburi liko tayari, kesho Bibi analala salama. Au unataka siku ya tatu imkute bila kaburi?"

Nilisema Baba amekataa.

"Baba yako amechoka. Mtu aliyechoka husaidiwa. Na kama yule jirani yenu hana kitu, unaogopa nini? Watapita kwake, hawataona pembe, yataisha. Atakuwa amesafishwa mbele ya wote."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka nieleze vizuri nilivyokosea. Nilifundishwa kwamba asiye na hatia, akichunguzwa, huonekana hana hatia. Nimeliandika hilo kwenye mtihani na nikapata alama zote. Niliamini. Nilisema moyoni, Bibi Ruti hana pembe, kwa hiyo hawataipata.

Niliingia ndani. Mama alikuwa chumbani na Bibi, hakuniona. Niliketi mezani nikaandika: "YAH: MWALIKO WA WATAALAMU WA USAFI WA KIJIJI." Mistari sita. Hakuna neno nililofuta. Niligonga muhuri chini, juu ya jina la Baba. Nikarudi barabarani na ndoo tupu, nikampa Mzee Hezron.

Aliisoma akaikunja. Akawageukia vijana akasema, "Haya."

Walishuka kama maji. Ndani ya saa mbili tu kaburi likawa limekamilika, na kingo zake zimenyooka.

Jumatatu, 4 Agosti

Tumemzika Bibi. Uwanja ulijaa. Mchungaji alikuwa amerudi kutoka safarini.

Baba alisimama kushukuru, akaishia kuwainulia watu mikono yake yenye matambara. Baadaye aliniambia, "Unaona, Ferista? Nilikuwa nimewakatia tamaa. Watu hawa wana utu, unachelewa tu. Hilo nalo liandike kwenye mdahalo wako." Alikuwa na uso ambao sijauona tangu Juni.

Nilisema ndiyo, Baba.

Jumatano, 6 Agosti

Watu wanatusalimu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejaribu kumwambia Baba. Nilipofungua mdomo aliniuliza kama nina homa.

Jumatano, 13 Agosti

Wamefika. Wanne, wamevaa kanga nyekundu kiunoni, na kengele. Nilikuwa shuleni. Haya nimeambiwa na Mama.

Hawakupita nyumba nyingine hata moja. Walikwenda moja kwa moja kwa Bibi Ruti, watu wote nyuma yao wakipiga makopo. Walichimba kizingiti chake, na mmoja aliyeingiza mkono shimoni akautoa na pembe. Mama anasema aliona mkono ule ukiingia, haukuwa mtupu. Baba alikimbia akasimama mlangoni, akaamuru waondoke kwa jina la serikali. Kiongozi wao akatoa karatasi, akaikunjua mbele ya watu.

"Serikali ndiyo hii. Muhuri wa nani huu, Mwenyekiti?"

Mama anasema Baba aliishika, akaifuata kwa kidole mpaka mwisho, kama anavyosoma siku zote. Kisha akainua uso, akairudisha. Watu wakamsukuma pembeni. Bibi Ruti alinyweshwa kikombe kizima.

Niliporudi nyumbani Baba alikuwa amekaa nje. Nilimsalimu. Aliitikia. Hakuniuliza juu ya ile barua. Anaujua mwandiko wangu kuliko uso wake.

Alhamisi, 14 Agosti

Bibi Ruti anatapika. Baba na Mama wamempeleka zahanati. Nilibaki kulisha kuku wake.

Ijumaa, 15 Agosti

Bibi Ruti amefariki.

Jumapili, 17 Agosti

Conjesta amekuja kutoka Tunduma na gari la polisi. Alilia kwa Kinyiha, akachanganya na Kibemba cha sokoni kwake, na alilitaja kila jina la waliokuwepo, maana mtu alikuwa amepiga picha kwa simu. Walipofika kwa Mzee Hezron walikuta mlango umefungwa. Wanasema amevuka mpaka. Lambalamba hawajulikani walipo. Kilichobaki ni barua.

Askari alimwonyesha Baba. "Muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu," Baba alisema.

"Huwa unautunza wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nauwajibikia mimi."

Nilisogea. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Sijui kama anajua. Baba alinitazama mara moja, kisha akapanda gari mwenyewe, bila kuvutwa. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Hakuna aliyesema kwamba alikataa. Wote walikuwepo alipokataa.

Jumanne, 19 Agosti

Tumemzika Bibi Ruti. Walikuja wote. Waliimba vizuri.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama na mimi tulikwenda kituoni kumwekea Baba dhamana, Mama akiwa mdhamini. Askari wa mapokezi alisema mdhamini alete barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kitongoji chake.

"Mwenyekiti wetu ndiye aliye ndani," Mama alisema.

Askari alianza kucheka, halafu akaacha. Akasema basi tungoje, na hata hivyo shauri limekuwa kubwa, kuna mtu amekufa.

Jumatano, 27 Agosti

Afisa afya alikuja. Alichukua maji ya kisima kwenye chupa.

Jumatano, 3 Septemba

Majibu yametoka. Maji hayafai kwa binadamu. Mashine imefungwa. Msimu umeisha wiki iliyopita.

Magari ya kampeni yanapita bondeni Nanyala na vipaza sauti, tunayasikia mpaka huku kilimani. Wanasema kila mwananchi ni kiongozi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mwalimu Fausta alisema naweza kusamehewa mdahalo. Nilikataa.

Brayson alianza. Alisema vizuri. Alisema tangu uhuru hajasikia mwenyekiti wa kitongoji aliyepanda ngazi zote akafika juu, kwamba kila ngazi ina watu waliokaa juu yake, na hawatasogea ili mtu wa darasa la saba apite. Hakutaja jina la baba yangu hata mara moja, na ilikuwa rahisi kulitaja. Alipigiwa makofi.

Nilisoma masharti ya Katiba. Kisha niliweka karatasi chini.

Nilisema: "Nilijiandaa kubishana na Brayson kuhusu waliokaa juu. Lakini mwenyekiti ninayemjua hakuzuiwa na mtu wa juu. Hakuna mkubwa aliyewahi kufika Shilanga. Alikataa kumwonea mtu mmoja, na sisi tulioko chini pamoja naye tukamnyima salamu, tukamnyima mashine, tukamnyima kaburi la mama yake. Angeweza kuwa Rais. Sisi hatukumwacha awe hata mwenyekiti. Na ile barua niliiandika mimi. Muhuri niligonga mimi. Yeye alikuwa kaburini anachimba."

Mtunza muda alikuwa na kengele mkononi. Hakuipiga. Mwalimu Fausta alisimama, akaja mpaka mbele, akanishika bega. Brayson alikuwa anatazama dawati lake.

Hakuna aliyehesabu kura.

Jumatatu, 15 Septemba

Mwalimu Fausta alinisindikiza kituoni. Njiani aliniambia kwamba sheria ina nafasi ya mtoto anayesema kweli, na kwamba atakaa nami muda wote. Nilimwamini, na bado namwamini, kwa kuwa alikaa.

Mkaguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwomba karatasi niandike, alinganishe mwandiko. Alisema hakuna haja.

"Tunajua unamwandikia baba yako, kitongoji kizima kimesema. Kuandika si kosa lako, binti. Kosa ni la aliyegonga."

"Niligonga mimi."

Akaagiza Baba aletwe. Alikuwa amekonda. Ndevu zimeota, zina mvi ambazo sikuzijua. Aliniuliza kama Mama hajambo, nikasema hajambo. Aliniuliza kama nimeacha shule, nikasema hapana.

"Boazi," Mkaguzi akasema, "binti yako anasema barua ile hukuijua. Anasema aligonga yeye, wewe ukiwa unachimba kaburi. Ni kweli?"

Hapa Baba angeweza kusema neno moja.

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira. Alinitazama kama anavyoitazama barua kabla hajaigonga.

"Anasema uongo," alisema. "Ananipenda, anataka nitoke. Niligonga mwenyewe. Nilitaka mama yangu azikwe."

"Baba!"

"Mwalimu, mrudishe mtoto shuleni."

Mkaguzi aliandika. Alikuwa amemwamini. Tangu nizaliwe sijamsikia Baba akisema uongo, labda ndiyo maana alijua kuusema mara moja tu, vizuri, bila kupepesa macho. Ukweli wangu ulikuwa umesimama palepale na haukumfaa mtu.

Nilisema tena kwamba ni mimi. Walimrudisha ndani. Nilisema mara ya tatu, nikiwa naishikilia meza ya mapokezi, na askari akaniomba kwa upole nisogee pembeni, kuna watu nyuma yangu wanasubiri huduma.